Mkwe Mhandisi

Watoto wa darasa lake walimwita Mwalimu Twiga, na jina hilo likatoka nje ya geti la shule likamfuata hadi mtaani, mpaka mwenye duka la jirani akawa halijui jingine. Alikuwa mrefu kweli. Akikaa kwenye vile viti vya darasani, magoti yake yalikaribia masikio, na mtoto aliyetaka kumnong'oneza jambo hakuhitaji hata kunyoosha shingo. Alifundisha chekechea. Aliisomea kazi hiyo kwa kuipenda, si kwa kukosa la kufanya, na alijua mambo ambayo wengi hawadhani kuwa yana haja ya kujulikana: jinsi ya kumtoa mtoto mikononi mwa mama yake asubuhi bila kumnyakua, jinsi ya kumfundisha kushika mkasi bila kumshikia, na kwamba darasa likinyamaza ghafla kuna mtu amejitia shanga puani.

Yeye hakuona aibu yoyote. Waliomzunguka ndio walioona aibu kwa niaba yake. Mama yake, ambaye alishona mapazia nyumbani, akiulizwa na wateja kuhusu mwanawe alijibu kwamba yuko kwenye mambo ya elimu, kisha akageuzia maneno kwenye rangi ya kitambaa kabla mtu hajauliza elimu ipi. Na mjomba wake, kaka wa mama, aliyekuwa amemlea tangu baba yake afariki, aliichukulia kazi ile kama mafua: itakaa kidogo, itapita. Mjomba huyo alikuwa wakala wa bima. Alikuwa na mdomo ambao ungeweza kumuuzia mwenye upara kitana, na akaondoka ameshukuriwa.

Twiga alipopata mchumba, alimpata kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Alikuwa amempeleka mtoto mmoja wa darasani, pamoja na mama wa mtoto, kwenye duka la miwani, kwa kuwa aligundua yule mtoto anasogeza kila picha hadi puani. Msichana aliyekuwa akikata vioo vya miwani kule nyuma ya duka alitoka kuja kumtazama huyo mwalimu aliyekuwa amepiga magoti sakafuni akimwonyesha mtoto jinsi miwani inavyokaa. Baadaye aliwahi kusema kwamba alimpendea pale pale sakafuni. Wakawa pamoja, na ilipofika wakati wa posa, aliyetumwa kuongoza maneno alikuwa, bila shaka, mjomba.

Baba wa msichana alikuwa amestaafu baada ya kutunza stoo ya hospitali miaka mingi. Aliongea kidogo, na akiuliza jambo alisubiri jibu bila kupepesa. Nyumbani kwake alipoingia sebuleni, mtu alipunguza redio bila kuambiwa.

Siku ya posa walikaribishwa vizuri. Vitambaa vya makochi vilikuwa vimefuliwa, vinywaji vikaletwa, salamu zikachukua muda wake. Kisha yule mzee akageuza uso, akamtazama Twiga moja kwa moja.

"Na kijana mwenyewe, anafanya kazi gani?"

Twiga alifungua mdomo. Mjomba akamwahi.

"Huyu ni mhandisi," akasema, kwa sauti ileile anayouzia bima.

Twiga alimtazama mjomba wake. Akamtazama mama yake, ambaye ghafla alikuwa amepata kitu cha kuchunguza ndani ya glasi. Akamtazama mchumba wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia. Macho yao yalikutana, kisha ya msichana yakashuka chini. Kulikuwa na nafasi hapo ya mtu kusema neno, na kila mmoja aliyejua ukweli aliiona ikipita.

"Wa mambo ya majengo?" mzee akauliza.

"Majengo hasa," mjomba akajibu.

Ndipo yule mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafike. Alisema kwamba hilo lilikuwa jambo la kheri, maana alikuwa na nia ya kupandisha vyumba juu ya nyumba yake, na amechoka na mafundi wanaosema kila kitu kinawezekana. Alitaka mtu wa kumwamini. Sasa kumbe Mungu alikuwa anamletea ndani ya familia.

Kwenye gari la mjomba, wakati wa kurudi, Twiga aliuliza kwa nini amefanya vile.

"Mpwa wangu, acha presha," mjomba akamjibu huku akicheka, mikono kwenye usukani. "Si unajenga watoto? Nimedanganya wapi?"

Mama naye alicheka, kisha akaona uso wa mwanawe kwenye kioo akaacha. Wakamweleza mpango wao, na kutokana na jinsi walivyopokezana maneno alielewa kwamba haukuwa umezaliwa siku hiyo. Mjomba alikuwa na rafiki mwenye kampuni ya ujenzi. Rafiki huyo alihitaji mtu wa kukaa ofisini kwenye eneo la kazi, kupokea vifaa na kusimamia vibarua. Twiga angeacha shule mwisho wa mwezi, avae buti na kofia ngumu, na hadi harusi ifike angekuwa anaingia na kutoka kwenye majengo kama watu wengine wa majengo. Uongo ungekuwa umeshaota nyama. Nani angeuliza cheti?

"Ni kuingia tu, mwanangu," mama alisema. "Ukishaingia, utakuwa mtoto wao. Nani atakumbuka?"

Hakujibu. Alikuwa mtu wa namna hiyo: alipobanwa na wakubwa, ulimi ulimganda, na ukimya wake watu waliuchukua kama ndiyo.

Alikwenda kwa mchumba wake kwenye duka la miwani na kumwambia kwamba jambo lile lisahihishwe mapema kabla halijakua. Mchumba alikubali. Alisema yeye ndiye atakayemwambia baba yake, kwa kuwa anajua saa zake nzuri na mbaya. Akaomba tu asiharakishwe. Twiga alisubiri. Kila walipoonana alimsoma usoni, na kila mara aliambiwa bado: mara baba ana mgeni, mara kifua kinamsumbua, mara amefurahi mno kiasi kwamba si vizuri kumharibia siku.

Naye baba mkwe alikuwa amefurahi kweli. Akaanza kupiga simu.

Simu ya kwanza iliingia wakati wa uji wa watoto. Twiga alitoka nje ya darasa, akamsalimu, shikamoo baba, na mzee akamwuliza kwa unyenyekevu uliomtia uchungu kama nguzo za nyumba yake zinahitaji nondo nene au zilizopo zitatosha. Twiga alisema jambo kama hilo huwezi kulisema bila kuona. Mzee akamsifu kwa busara. Simu ya pili ilihusu mchanga. Ya tatu ilihusu ufa juu ya dirisha la jikoni, unaoanzia kwenye kona na kupanda kama mjusi. Kila mara Twiga alijibu kwamba atakuja kuona.

Ikawa simu ikitetemeka tu mfukoni, anatoka nje ya darasa, hata kama ni ujumbe wa matangazo. Usingizi wake ukawa wa vipande vipande. Darasani alianza kukosea vitu ambavyo mikono yake ilivijua yenyewe. Alimfunga mtoto vifungo vya shati upande upande, akampa mwingine begi lisilo lake, na siku moja aliuanza wimbo wa asubuhi, ule wanaouimba kila siku, akausahau katikati. Watoto waliendelea bila yeye. Walipomaliza, msichana mmoja mdogo alimwambia kwa upole kwamba hata bibi yake husahau.

Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kiume, alimwita pembeni akamwuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Alitaka kusema zaidi, lakini angeanzia wapi? Kwamba kuna mtu mwingine mrefu kama yeye, mwenye sura yake, anayetembea ndani ya vichwa vya watu akiwa amevaa kofia ngumu, na kwamba watu wote anaowapenda wanampenda huyo zaidi?

Hatimaye mzee hakuuliza tena lini atakuja. Alimwambia aje Jumamosi. Matofali yalikuwa yameshamwagwa uani, na fundi mwashi angekuwepo kumsikiliza. Twiga alikimbilia kwa mchumba wake na kumwambia kwamba hawezi kwenda kusimama mbele ya ukuta na kujifanya. Mchumba wake, aliyekuwa ameshika fremu ya miwani chini ya taa, hakuinua kichwa. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba labda aende tu akatazame, aseme atatafakari, na yeye wiki ijayo bila kukosa atazungumza na baba.

Mjomba alisisitiza kufuatana naye. Njiani alimpa mafunzo.

"Gonga ukuta kidogo. Kunja uso. Sema 'mmh.' Mtu akikunja uso mbele ya ukuta, watu wanajua huyo kasoma."

Walimkuta mzee amevaa suruali ya kazi, na fundi amekaa juu ya rundo la matofali akila njugu. Mama mkwe alitoka jikoni akifuta mikono, akamwita Twiga "injinia wetu," na neno hilo likamwingia kama mwiba. Mchumba wake alikuwa nyuma ya pazia la dirisha. Aliuona mkono wake tu, umeshika pazia.

Alionyeshwa ufa. Aliugusa. Uso wake ulikunjamana wenyewe, wala hakuhitaji mafunzo, na kule nyuma akamsikia mjomba akikohoa kwa kuridhika. Fundi alimwuliza jambo kuhusu mkanda wa zege, akasema wataona. Kijasho chembamba kilimtiririka ubavuni ndani ya shati. Kisha mzee akachukua ngazi, akaiegemeza, akasema wapande wao wawili juu, maana ngazi haipendi watu wengi.

Paa lilikuwa la zege, tambarare, limepauka kwa jua. Kwenye kona, ncha za nondo zilichomoza zikiwa na kutu, zikisubiri nguzo za juu tangu nyumba ijengwe. Mzee alizunguka na futi la kupimia mkononi akimwonyesha: hapa chumba, hapa chumba, hapa kijibaraza. Binti yake mkubwa alikuwa anarudi nyumbani na wanawe, ndoa imemshinda, na hakutaka akae sebuleni kama mgeni. Chini ya pale waliposimama, alisema, ndicho chumba anacholala yeye na mke wake.

Akampa Twiga ncha ya futi.

"Ukisema ndiyo, Jumatatu wanaanza. Ukisema haifai, nayaondoa hayo matofali na sitamwuliza mtu mwingine. Mafundi wana njaa zao. Wewe ni mtoto wa nyumbani."

Twiga alishika ncha ya futi. Ndipo alipoona njia ya mkato. Ilikuwa rahisi sana. Angesema haifai. Neno moja tu, na nyumba isingemwangukia mtu, na yeye angeshuka ngazi akiwa bado mhandisi, tena mhandisi makini. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini akilini alimwona binti mkubwa akiwa amelaza wanawe sebuleni mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mwalimu wa chekechea amekunja uso mbele ya ukuta. Na aliona kwamba baada ya paa hili kutakuwa na choo cha shangazi, na uzio wa jirani, na msingi wa nyumba ya nani sijui, na kwamba katika ukoo huu atasimama mbele ya kuta maisha yake yote.

"Baba," akasema, na sauti ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Mimi si mhandisi."

Mzee alichukua ile ncha mkononi mwake, akaanza kulikunja futi lake.

"Nafundisha chekechea. Sijui chochote kuhusu nyumba. Ukiniuliza kama paa hili linafaa au halifai, nitakuwa nasema tu."

"Rudia."

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Chekechea," mzee akasema. "Wale wa kuimba?"

"Wale wa kuimba."

Chini, fundi alikuwa anamsimulia mjomba jambo, na mjomba anacheka kile kicheko chake cha biashara. Mzee aliuliza kama mjomba anajua. Twiga akasema anajua. Akauliza kama mama anajua. Anajua. Kisha mzee akatazama upande mwingine, kwenye mapaa ya majirani na matangi yao ya maji, akauliza lile ambalo Twiga alikuwa akiliogopa kuliko yote.

"Na binti yangu?"

"Kazi yangu anaijua tangu siku ya kwanza," Twiga akajibu. "Mengine, baba, naomba umwulize mwenyewe."

Mzee akashuka. Alishuka polepole, akijaribu kila kidato kwa mguu kama ngazi nayo imeanza kumtia shaka. Alipofika chini alimwambia fundi kwamba Jumatatu hakuna kazi. Akamgeukia mjomba, ambaye alikuwa bado na mabaki ya kicheko usoni, akamwambia kwa adabu kabisa, "Ndugu yangu, mchukue kijana wako." Akaingia ndani. Hakugombana. Angegombana, Twiga alifikiri, ingekuwa nafuu.

Mjomba aliendesha gari hadi karibu na nyumbani, ndipo akamgeukia.

"Umemaliza?" akauliza.

Twiga alidhani kwamba akishasema ukweli atajisikia mwepesi. Watu husema hivyo. Hakujisikia mwepesi hata kidogo. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kugunduliwa, na hiyo iliondoka, lakini iliyochukua nafasi yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa kila kitu alichoogopa kukipoteza kilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mama alimwambia amemvua nguo mbele ya wakwe, kisha akageukia cherehani na kushona pazia moja kwa muda mrefu mno, akifumua na kushona tena. Chakula alimwekea mezani, amekifunika vizuri kama kawaida, ila hakukaa naye. Rafiki wa mjomba alipiga simu kuuliza kama ataripoti kazini. Twiga alikaa na lile swali mchana kutwa. Hakuna aliyemtaka tena awe mhandisi, na bado alijikuta akifikiri kwamba pengine akivaa zile buti mambo yatapoa. Jioni alimjibu kwamba anashukuru, lakini ana kazi. Mjomba akaacha kupokea simu zake.

Mchumba wake alikuja shuleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Watoto walikuwa wameshaondoka, na Twiga alikuwa anaosha brashi za rangi kwenye beseni. Macho ya msichana yalikuwa yamevimba na hasira yake ilikuwa bado mbichi.

"Baba haongei na mimi," alisema. "Ungeniambia kwanza."

Twiga alimkumbusha kwamba alimwambia, dukani, na yeye akamjibu aende tu akatazame. Hakusema kwa kisasi, lakini msichana alikaa kwenye kimoja cha vile viti vidogo kama aliyesukumwa. Alitazama ukutani, kwenye michoro ya watoto iliyobandikwa, watu wenye mikono inayoanzia kichwani. Kisha akasema jambo ambalo Twiga angelikumbuka kwa muda mrefu.

"Mjomba wako aliposema mhandisi, mimi nilishusha pumzi. Nilijichukia, lakini nilishusha. Nilifikiri, sasa baba hatanitazama kwa huruma."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Nakupenda, hilo halijabadilika. Lakini sijui mimi ni mtu wa namna gani. Nipe muda."

Akamsaidia kuosha brashi zilizobaki, akaondoka. Twiga alibaki amesimama, maji ya rangi yakimdondoka kwenye viatu. Alikuwa amezoea kuwaambia wazazi kila asubuhi kwamba mtoto akilia langoni, ukitoka haraka analia kidogo. Sasa hakujua kama kuna mtu wa kumwambia yeye lolote.

Siku zikapita hivyo. Alikwenda kazini, akarudi. Vifungo alivifunga sawasawa. Wimbo aliukumbuka. Lakini kila gari lililosimama nje lilimshtua, na kila mara mtu alipomwita kwa mbali alijiandaa kwa jambo baya.

Mchana mmoja, wakati wa wazazi kuchukua watoto, mlinzi wa shule alikuja mlangoni akiwa na wasiwasi. Kulikuwa na mzee getini, akasema, anayekataa kutaja jina la mtoto.

"Nimemwuliza umekuja kumchukua nani, anasema mwalimu."

Twiga alipofika nje, baba mkwe alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la watoto, magoti juu, fimbo kando. Mtoto mmoja alikuwa amemwekea mguu kwenye paja, kiatu kikiwa wazi, akisubiri bila wasiwasi wowote, kwa kuwa kwa mtoto yule kila mtu mzima aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa wa kufunga kamba. Mzee aliitazama ile kamba. Akaifunga. Mtoto akaleta mguu wa pili.

Walisalimiana. Twiga alisimama, kwa kuwa hakuambiwa akae, na mzee alisema lake bila kuzunguka. Alikuwa amemleta mhandisi, mhandisi wa kweli, mwenye vyombo vyake. Mtu huyo alikuwa amepima na kuchimba kidogo kwenye msingi, akasema nyumba ile inafaa kupandishwa, ila iongezwe nguzo upande wa jikoni.

"Kwa hiyo siku ile ungesema ndiyo," mzee akasema, "ungekuwa umepatia."

"Ningekuwa nimebahatisha, baba."

Watoto walikuwa wanapita mbele yao na mabegi yao makubwa kuliko migongo, wengine wakimpungia Twiga, mmoja akirudi mbio kumwambia kwamba kesho atakuja tena, kana kwamba hilo lilikuwa na mashaka.

"Nisikufiche," mzee akaendelea. "Kazi yako sijaipenda. Nilikuwa na picha ya mkwe wangu kichwani, na bado naiona."

Twiga alitaka kusema kitu cha kuipamba kazi yake. Angeweza, alikuwa na maneno mengi mazuri kuhusu umuhimu wa miaka ya mwanzo ya mtoto. Aliyaacha.

"Sawa, baba," akasema. "Ila hii ndiyo kazi yangu, na sitaiacha."

"Nimesikia." Mzee alichukua fimbo yake, akainuka kwa taabu, na Twiga akamshika kiwiko bila kufikiri. "Binti yangu amekuja kuniambia mwenyewe kila kitu. Amelia, mimi pia nimesema maneno. Mama yake amenigomea, napakuliwa chakula kama mpangaji. Mlete mama yako Jumapili tuzungumze upya." Alipiga hatua, akasimama. "Mjomba wako abaki nyumbani kwanza."

Mama alikubali kwenda, lakini asubuhi ya Jumapili alibadili nguo mara tatu, na mlangoni kwa wakwe akamshika mwanawe mkono. Alipoulizwa, alisema kwamba mwanawe anafundisha watoto wadogo na kwamba yeye alikubali kufichwa kwa jambo hilo, akaomba radhi. Baadaye Twiga alimkuta jikoni na mama mkwe, wanapima kwa mikono dirisha la kupachika pazia. Mchumba wake alimsindikiza hadi barabarani. Hawakuzungumza sana. Alimshika tu mkono mbele ya dirisha ambalo wote ndani waliweza kuwaona.

Harusi ilifanyika wakati vyumba vya juu vilikuwa vimeshaezekwa lakini havijapakwa rangi. Mjomba alialikwa, akaja na zawadi kubwa, akawa mpole kwa karibu saa nzima.

Baba mkwe alimtembeza bwana harusi kwa wageni wake, watu aliofanya nao kazi zamani, wazee wa suti zilizokuwa zikiwapwaya. Kwa kila mmoja alisema, "Huyu ndiye mkwe wangu, ni mwalimu," na hapo akaishia, haraka haraka, akimsogeza Twiga kwa mwingine. Twiga aliona. Mgeni mmoja hakukubali kusogezwa. Akamkamata mkono, akamwuliza kwa heshima kubwa kama anafundisha chuo kikuu.

Mzee alikohoa. Twiga alisikia kijasho kikimtoka chini ya kola mpya, kilekile cha siku zote, na akaelewa kwamba hakitaacha kumtoka.

"Chekechea," akasema.

Yule mgeni alicheka, akidhani ni utani wa bwana harusi. Akawatazama wawili wale kwa zamu, akisubiri nao wacheke. Kicheko chake kikapungua, kikaisha. Akasema "Ahaa," akaachia mkono, akasema anakwenda kutafuta maji.

Baba mkwe alirekebisha tai yake, akatazama wageni. Lakini hakuondoka. Alibaki palepale alipokuwa, bega kwa bega na mkwe wake, hadi mgeni mwingine alipowakaribia na kunyoosha mkono.